Kompyuta ya kanisa inawaka kuliko zote

Bandugu, leo kanisa yetu hapa Kimemi imepigia vigelegele kompyuta yenye haina disque!

Njo mimi niliiunga. Niliambia komite: «Tuanze na disque, njo inachungaka kazi yote yenye tunaandika.»

Papa Shemasi akauliza: «Lakini inakaa ndani. Batu bataiona namna gani?»

Bakapiga kura. (Kura! Juu ya vipande vya kompyuta!) Ikashinda boîtier, ile sanduku ya inje, ya kuwaka mataa. Franga ikaishia pale.

Leo pasta ameomba, nikabonyeza. Nyekundu! Buluu! Bamama bakapiga vigelegele.

Mama Sekreteri akakaa aandike tangazo. Écran ikasema: hapana disque.

Papa Shemasi, bila haya: «Hata Noeli, mataa yake itatusaidia.»

Mama Sekreteri akatoa bic, akaandika na mukono: «Bandugu, sasa tuko na kompyuta.»

Mwenye kucheka aseme amina.