Umeme Nao Una Kwao

Siku ya kwanza Honnamma alipofika kazini na pikipiki, mlinzi wa kiwanda cha hariri alimfungulia geti, kisha akachungulia barabarani kumtafuta mwanamume aliyemleta. Hakumwona, kwa sababu hakuwepo. Alikuwepo Honnamma tu, sari ameikaza kiunoni, juu ya mashine nyekundu iliyoundwa hapo hapo mjini Mysore na ikauzwa na polisi mstaafu aliyechoka kuipiga kiki. Jioni ile mumewe, Mahadeva, karani wa stoo na mtu asiyependa upepo usoni, aliizunguka mara moja akatoa uamuzi ambao hajaubadilisha mpaka leo.

"Panda wewe. Mimi na basi tunaelewana."

Miaka ikapita hivyo, mke na pikipiki, mume na basi. Binti yao wa pekee, Chandrika, alipelekwa shule kwenye tangi la mafuta, akabebwa hospitali kwenye kiti cha nyuma, na mwishowe akaolewa kijiji kimoja karibu na Kollegal, ng'ambo ya mto Kaveri. Siku ya kumsindikiza, watu wakilia kama ilivyo desturi, Honnamma alimvuta pembeni.

"Sikukuu ya Gauri nitakuletea bagina mimi mwenyewe. Kwa pikipiki yangu. Usimngoje mtu mwingine."

Anayejua sikukuu hiyo ya wanawake wa Kihindu anajua uzito wa ahadi ile. Binti aliyeolewa huletewa kutoka kwao bagina, yaani nyungo mbili zilizofunikana, ndani yake bangili, manjano, mchele, nazi na kitambaa cha blauzi. Thamani ya vitu si kubwa. Kinachopimwa ni kama kwao bado wanaikumbuka njia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake mwenyewe, Honnamma hakuletewa. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, na kaka zake walisingizia mvua. Wenzake walikaa barazani wakifunuliana nyungo. Yeye alikwenda jikoni akasugua sufuria ambayo haikuwa na uchafu. Hakuwahi kumsimulia Chandrika habari hiyo. Mambo mengine mama huyabeba kimya ili mtoto asiyarithi.

Kwa hiyo Gauri ya kwanza ya Chandrika ilipokaribia, Honnamma aliivalisha pikipiki kama bibi harusi. Aliing'oa platini ya kuwashia cheche, iliyomsumbua kila masika, akafunga kifaa kipya cha kielektroniki. Akahama kutoka umeme wa volti sita hadi kumi na mbili, akaweka taa yenye mwanga wa kupasua mvua. Fremu akaipeleka kupakwa rangi ya kuokwa, akamsimamia mpakaji kama mama mkwe.

"Nisione chuma popote."

"Hata panapokaa boliti za injini, mama?"

"Hata hapo. Nimesema popote."

Ikatoka inang'aa mpaka majirani wakaja kujitazama humo. Ikawaka kwa kiki moja. Ikaenda vizuri mpaka sokoni, Honnamma akawasha taa, ikakohoa, ikazima. Akangoja, akapiga kiki, ikawaka. Akabonyeza honi, ikakohoa tena, ikafa katikati ya mzunguko wa barabara, muuza maua akimpigia makofi.

"Dada, bibi harusi amezimia!"

Riyaz, fundi wa mtaa wa Mandi Mohalla ambaye Honnamma alimwamini kuliko daktari, alibadilisha plagi. Akabadilisha koili. Akaitoa betri, akaichaji, akairudisha, akaukwangua mwisho wa waya wake mpaka ukametameta. Ikafika kona ya pili, ikazima.

"Kifaa kibovu?" Honnamma aliuliza.

"Kizima kabisa. Nimekifunga kwenye pikipiki yangu, kinacheka." Riyaz alijikuna ndevu. "Dada, bibi kizee tumemvalisha viatu vya mbio. Turudishe platini, twende naye polepole kama zamani."

"Polepole na taa ya mshumaa, kwenye mvua ya Kaveri?"

"Basi panda basi. Si dhambi."

Habari zikavuka mto kabla yake. Mama mkwe wa Chandrika, Puttamadamma, mwanamke mnene wa ulimi mwepesi, akapiga simu.

"Mkwe, njoo na basi tu. Kila kikongwe kina siku yake ya kukaa chini. Sisi tuna magoti, wewe una pikipiki."

"Kesho nitakuwa mlangoni kwako," Honnamma alisema, "na sitakuja na basi."

Akakata simu. Nyungo zilikwisha fungwa, zipo kwenye kiti cha sebuleni. Angepanda basi, bagina ingefika. Lakini angekuwa amemwambia binti yake jambo moja na kufanya lingine, mwaka wa kwanza tu, kama kaka zake.

Alasiri hiyo ya mkesha wa sikukuu aliishusha pikipiki uani. Mahadeva, aliyekuwa akifunga ndizi zake za kupeleka ukweni, aliitwa kushika usukani.

"Nishike nini?"

"Popote. Usiogope, haitembei."

Akapiga kiki, ikawaka. Akawasha taa. Injini ikaanza kulegea. Mara Mahadeva akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama Chandrika! Hiki kiwaya kinaniunguza!"

"Acha uoga wako, Baba Chandrika."

"Uoga ni wangu, lakini na kidole ni changu! Njoo ushike!"

Alikuwa amekamata waya wa klachi, ule unaoshuka kutoka kwenye mkono wa usukani mpaka kwenye injini. Honnamma akaugusa. Ulikuwa na moto kama sufuria ya maziwa. Akazima injini, akachuchumaa.

Waya wa klachi kazi yake ni kuvuta tu. Haubebi umeme. Nini kiupashe moto? Katika hariri, uzi ukikatika huangalii palipokatika. Unaufuata ulikotoka na ulikokuwa unakwenda. Akaufuata umeme. Unatoka betri, unaingia kwenye koili, taa, injini. Halafu? Lazima urudi betri. Hurudi kwa kupita kwenye chuma cha injini, boliti, fremu, mpaka nyumbani. Akaitazama fremu yake inayong'aa, isiyo na chuma popote.

"Umeme nao una kwao," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeufungia mlango kwa rangi, sasa unapenya dirishani, kwenye waya wa klachi."

Akampigia Riyaz, akamweleza. Upande wa pili kikalipuka kicheko.

"Rangi! Ya Allah, rangi! Na mimi nimekwangua kwenye betri, boliti za injini hata sikuzigusa. Zikwangue, dada. Halafu vuta waya mnene wa shaba kutoka kwenye injini moja kwa moja mpaka hasi ya betri."

Honnamma alikaa na msasa mkononi muda. Ilimuuma. Kisha akafungua boliti, akasugua, rangi nyekundu ikimwagika kwenye vidole, mpaka chuma kikatokea, cheupe na kichovu na cha kweli. Akafunga waya wa shaba, akapiga kiki. Taa ikawaka, honi ikalia mpaka ndizi za Mahadeva zikamponyoka. Injini haikutikisika. Akaushika waya wa klachi: baridi.

Asubuhi aliondoka chini ya manyunyu, nyungo zimefungwa nyuma kwa kamba mbili za plastiki. Darajani mvua ikaja kweli, akaikata. Alipoingia kijijini, wanawake walikuwa tayari barazani kwa Puttamadamma, na Chandrika amesimama kwenye ngazi, sari mpya, hana raha, anatazama barabara.

Honnamma alishuka, maji yakimchuruzika, akazifungua nyungo, akazinyoosha mbele. Ndipo wote wakaiona mikono yake: grisi kwenye kila kucha, na rangi nyekundu iliyogoma kutoka.

"Nawa kwanza, mkwe," Puttamadamma alisema, safari hii kwa upole. "Nikuletee maji ya moto."

"Asinawe," Chandrika alisema. Alifunika nyungo kwa upindo wa sari yake, kama inavyotakiwa, akaipokea bagina pamoja na mikono iliyoileta, akaishika hapo hapo asiiachie. Akawageukia wanawake wa barazani. "Huyu ndiye mama yangu. Amekuja mwenyewe."