Kikohozi cha Wasswa Kilitoka Wapi

Niliondoka Busia kwa sababu mjomba alinipatia kazi ya usafi Doha, Qatar, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa kila siku nitafanya nini na maisha. Niliishia darasa la nane.

Ndani ya ndege sikulala. Mbele yangu mtu alikohoa, nyuma mwingine akajibu. Nilifunga mkanda, nikafungua, nikafunga tena.

Doha joto lilitupokea mlangoni kama pumzi ya jiko. Basi la kampuni likatupeleka Industrial Area, penye kambi za wafanyakazi, kwenye chumba cha watu sita. Mkubwa wa chumba alikuwa Mkenya mwenzangu, Baba Achieng', mlinzi wa siku nyingi. Kitanda cha chini yangu kililaliwa na Wasswa, Mganda aliyekuwa akiweka vigae kwenye majengo mapya ya Lusail, mji wa jirani. Wote walikula kwenye sinia moja, nami nikasogezewa nafasi.

Siku chache baadaye Wasswa alishikwa na homa na kikohozi. Kesho yake nami nikaanza kukohoa.

"Mgeni ametuletea," alisema Baba Achieng'. "Kabla hajaja, nani alikuwa mgonjwa humu?"

Chakula changu kikawekwa kitandani, peke yake.

"Wewe ni kijana mzuri," Baba Achieng' aliniambia, "lakini homa yako si nzuri. Nitamwambia supavaiza akuhamishe kambi."

Kambi nyingine sikumjua mtu hata mmoja.

Kwenye kliniki tulipimwa kwa kijiti cha pamba puani. Ilikuwa korona, wote wawili. Tukawekwa kwenye chumba cha kutengwa, na aliyetuhudumia alikuwa nesi Mkisii, Sista Moraa. Alituomba ruhusa ili watu wa maabara wasome kirusi cha kila mmoja wetu.

"Kinasomwaje, Sista?" niliuliza.

"Ukinakili barua ukakosea herufi, na mwenzako akanakili yako, kosa lako si litamfuata?"

"Litamfuata."

"Kirusi nacho hujinakili, na hukosea. Wakilinganisha makosa, wanajua kipi ni ndugu wa kipi, na aina gani inapita nchi gani."

Wasswa alikubali. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Siku za kungoja zilinitesa kuliko homa. Nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Ssebo, bwana, keti!" alilalamika Wasswa. "Hizo vigae ukizimaliza, ni mimi nitaitwa kuzirudisha."

Sista Moraa alirudi na daktari tukiwa tumeanza kupona. Tulikubali kusikia majibu pamoja. Kirusi cha Wasswa kilifanana na vile vilivyokuwa vimeonekana kwa wajenzi wa Lusail kabla sijafika Qatar. Changu kilifanana na vya Afrika Mashariki.

"Kwa hiyo hamkuambukizana," alisema Sista. "Na msiende kumtafuta mtu wa kulaumu. Maabara inatafuta njia ya ugonjwa."

Basi la kurudi lilikwama kwenye foleni. Mguu wangu haukutulia hata dakika moja. Wenzetu chumbani wangeamini?

Wasswa ndiye aliyewaeleza, akiwa bado mlangoni. Baba Achieng' alijikuna kidevu.

"Kumbe ilitoka Lusail! Basi ni yule Mnepali unayekaa naye kwenye basi la kazini."

"Yule? Hata mimi nilimshuku," mwingine akadakia.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshasafishwa.

"Baba Achieng'," nilisema, "mimi pia nilikuja na changu."

"Si mmesema si wewe?"

"Cha Wasswa si changu. Lakini nilibeba changu kutoka nyumbani bila kujua. Huyo Mnepali naye atajuaje?"

Wakanitazama kama kitanda kimeongea.

"Na pengine ni mimi nilimpa," alisema Wasswa. "Mimi ndiye nilikuwa nakohoa."

Baba Achieng' aliguna. "Haya, yaishe. Na wewe kijana, mambo ya supavaiza uyaache."

"Ni wewe uliyekuwa unaenda kwake, Baba."

Chumba kizima kikacheka, naye akacheka mwisho.

Nilijifunza Doha kwamba ugonjwa una safari zake nyingi, lakini sisi humkamata yule ambaye begi lake bado halijafunguliwa. Langu lilikuwa limefungwa tangu uwanja wa ndege. Jioni hiyo nikalifungua, nikaanza kupanga nguo.