Mabawa Tuliyoshona Kawangware

Mume wangu alinunua ndege bila kuniuliza. Aliuza pikipiki yake ya bodaboda, akachukua na akiba tuliyokuwa tumeweka ya kununua ploti huko kwetu Machakos, kisha akaja nyumbani Laini Saba, Kibera, jioni, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Nimenunua ndege," akasema.

"Ndege gani? Ya kuchinja?"

"Ndege ya kupaa. Lakini haijaundwa. Iko kwa masanduku."

"Na hayo masanduku yako wapi?"

"Kawangware."

Nilicheka kwanza. Nilipoona yeye hacheki, nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza siku nyingi. Nilimpakulia chakula, nikamfulia nguo, lakini maneno sikumpa.

Sikuwa mgeni wa ugonjwa wake huo. Tulipokutana alikuwa akifanya kazi ya msaidizi wa mafundi katika karakana ya kiwanja kidogo cha ndege kilicho ng'ambo ya bwawa, ukipita mtaa wa Silanga. Karakana ile ilipofungwa, alirudi kuchomelea mageti na madirisha kando ya reli, lakini masikio yake hayakurudi naye. Ndege zinazotua hupita chini sana juu ya mabati yetu, na watu wa kwetu hata hawainui macho. Yeye alikuwa akizima mashine yake ya kuchomelea, anasikiliza, halafu anasema, "Hiyo injini inakohoa kidogo." Wateja walimzoea.

Masanduku yale aliyapata kwa mama mmoja mjane kule Karen, alipoenda kumrekebishia geti. Marehemu mume wa yule mama alikuwa ameagiza ndege ya kujiundia nyumbani, akaanza mkia, kisha akaugua. Watoto wako ng'ambo na hawakuitaka. Mama yule aliposikia mume wangu akitaja kila kipande kwa jina lake, akamwambia aibebe kwa kile alichokuwa nacho.

Nyumbani kwetu hata bawa moja lisingeingia. Kwa hiyo aliomba nafasi kwa mzee mmoja wa Kawangware mwenye yadi ambako zamani malori yalikuwa yakitengenezewa. Mzee alimpa kibanda kirefu cha mabati, akamwambia tu asiwashe moto karibu na ukuta wa jirani.

Nilienda Kawangware Jumamosi moja nione kitu kilichokula ploti yangu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Mlangoni nikakuta mifupa. Mwili wa ndege ulikuwa vyuma vyembamba vilivyounganishwa kama kizimba, na mabawa yalikuwa mbavu za mbao nyepesi zilizopangwa sambamba. Niliinua ubavu mmoja kwa vidole viwili, nikaona ni mwepesi kuliko mwiko wa ugali.

"Hii ndiyo itabeba mtu?" nikauliza.

"Si hiyo peke yake. Itavaa nguo." Akakunjua kitambaa cheupe juu ya meza. "Na mimi sijui kushona."

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimeshona sare za shule, gauni za maharusi, mapazia ya kanisa na mavazi ya kwaya. Nilikishika kile kitambaa, nikakivuta kwa mlalo, nikakiinua kwenye mwanga. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini mikono yangu ilikuwa imeshaanza kazi.

Ndege ya kujiundia haifunikwi kabla ya mtu mwenye leseni kuitazama ndani. Wetu alikuwa injinia mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kukagua ndege za mashambani. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo cha chuma na kila tone la gundi. Alipomaliza akasema tu, "Funikeni bawa moja. Nikiridhika, mtafunika la pili."

Tukabandika kitambaa kwa gundi, kisha tukakipitishia pasi yenye joto la wastani hadi kikakaza na kulia kama ngoma ukikigusa. Baada ya hapo ndipo kukaja kushona kwenyewe. Bawa linasimamishwa kwa ukingo wake, na mtu mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule. Sindano ni ndefu kama mkono wa mtoto. Mimi naisukuma, inapita bawa zima, yeye anaipokea, anaizungusha kwenye ubavu wa mbao, ananirudishia. Kila mshono una fundo lake. Hatukuweza kuonana nyuso. Nilichokiona kwake ni ncha ya sindano tu ikitokeza kunitafuta.

Labda kwa sababu hatukuonana, tulizungumza. Tulizungumza kuliko miaka yote ya nyuma.

"Kwa nini hukuniambia kabla?" nikamuuliza siku moja kupitia kitambaa.

Sindano ilikawia upande wake. "Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Na ungekuwa na haki. Sasa mimi ningeishi vipi na haki yako?"

Nilikaza fundo. Kisha nikamuuliza tukipaa tutaenda wapi kwanza, naye akaanza kueleza. Tutapita juu ya mto Athi, tuone vilima vya kwetu, mama yangu atoke nje na kisu cha kumenyea viazi mkononi, aseme hawa watoto wamerukwa na akili. Alieleza hadi nikaona. Tangu siku hiyo ndege ile ikawa yetu.

Injinia alirudi, akavuta mshono mmoja kwa kucha, akavuta mwingine. Uzi ukakatika.

"Uzi huu ni wa wapi?"

Ulikuwa uzi wangu wa kushonea mabegi, niliouamini. Ule uliokuja na masanduku ulikuwa umeliwa na panya, nami nikaona wangu unatosha.

"Mama, mshono wako ni mzuri kuliko wa wengi niliowaona," akasema. "Lakini huu uzi jua litauua. Fumua."

Tulifumua bawa zima. Nililia, mume wangu akaniletea chai ya maziwa na mandazi kutoka kibanda cha nje, akaketi kando yangu. Uzi ufaao, uliopakwa nta, ulipofika, tukaanza upya. Injinia alipouvuta mara ya pili, uzi ulimkata kidole. Akatabasamu.

Tulipaka rangi ya fedha ya kuzuia jua, kisha nyeupe juu yake. Tukafunga magurudumu. Mwili ukasimama kwa miguu yake mwenyewe, na majirani wa Kawangware wakaja kupiga picha. Tukabaki na tundu mbele, mahali pa injini.

Injini haikuwa ndani ya masanduku. Marehemu hakuwahi kuiagiza. Kwa mageti na sare za shule tusingeifikia, jambo hilo tulilijua wote wawili ingawa hakuna aliyelitamka, mpaka binamu yake alipopata wakala wa kazi za kuchomelea Qatar.

"Nikipata ya injini, narudi," akaniambia.

Tuliagana kibandani, si uwanja wa ndege. Aliweka kiganja kwenye mlango wa ndege, kisha kwenye shavu langu, na mkono ulikuwa unanuka rangi.

Nilibaki kuwa mlinzi wa kitu nisichokijua. Kila Jumamosi nilitoka Laini Saba kwenda Kawangware. Nilifukuza panya, nikafuta vumbi, nikakagua kitambaa kama kimelegea, nikasogeza magurudumu yasikae upande mmoja. Kisha nilimpigia video, naye akiwa kwenye kitanda chake cha juu cha vyuma, wenzake wakipita nyuma yake na taulo, akaniambia, "Sogeza simu karibu na mkia. Hapo. Mafuta kidogo kwenye hiyo bawaba." Wakati mwingine niliweka simu juu ya kiti cha rubani, nikaendelea kupangusa, naye akatazama.

Injini ilipatikana kupitia injinia, kutoka kwa ndege iliyokuwa imeacha kazi. Mume wangu aliilipa akiwa huko. Fundi wa injinia aliifunga, nami nikasimama pale kila hatua, nikijifunza kubadilisha oili, kusafisha plagi, na kuzungusha propela kwa mkono kila wiki ili ndani kusipate kutu. Siku ya kuiwasha, tuliifunga mkia kwa kamba kwenye nguzo. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Watoto walikimbia, kuku wakakimbia, mzee wa yadi akavua kofia. Nilishika simu juu ili mume wangu asikie. Injini ilipozimwa nikaweka simu sikioni, alikuwa analia.

"Sasa rudi," nikamwambia. "Injini iko."

"Nimesaini mkataba tena," akasema. "Kuna leseni, kuna kiwanja, kuna bima. Mwaka huu tu, mama."

Yadi ikauzwa, mahali pajengwe nyumba za ghorofa. Mzee aliniita aniambie mwenyewe, kwa adabu, nami sikuwa na la kumlaumu. Injinia akanitafutia nafasi kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Kajiado. Tulitoa mabawa, tukayafunga kwa mablanketi yote ya nyumbani, tukapakia kwenye lori. Nilipanda nyuma pamoja nayo na kuyashika kwenye kila shimo la barabara.

Ni huko Kajiado ndiko ilikopaa. Rubani wa majaribio, mwanamume mtulivu mwenye mvi, aliirusha peke yake. Magurudumu yaliachana na ardhi, na nilichofanya ni kutazama mishono. Nilikuwa mbali, nisingeweza kuona hata mmoja, lakini niliitazama hadi ndege ikawa kidoa.

Baada ya muda wa majaribio kwisha, rubani alinichukua. Alinifunga mkanda, tukapanda. Twiga walikuwa chini, na ng'ombe, na barabara ya reli iliyonyooka. Upande wa kaskazini niliona jiji, na kwenye ukingo wake mng'ao mrefu wa mabati. "Kibera ile," rubani akasema kwenye vifaa vya masikio. Nikageuka kumwambia mume wangu, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa rubani.

Nilimpigia nilipotua.

"Ikoje?" akauliza.

Nilitafuta maneno. "Inatetemeka kwenye magoti," nikasema. "Na kuna baridi. Na bawa lako la kulia linalia kidogo, kama mluzi."

"Mluzi wa wapi? Karibu na mlango?"

"Karibu na mlango."

"Ni ule mpira wa kuziba upepo. Nitauweka vizuri nikija."

Hivi karibuni mtu mwenye ranchi kule Laikipia aliitazama, akaipenda, akataka kuinunua. Nilimwambia mume wangu. Nikasikia feni ya chumba chao ikizunguka.

"Uamuzi ni wako," akasema. "Wewe ndiye umeilea. Unaweza kupata ploti yako, hata na nyumba juu yake."

Niliitaka ile ploti. Bado naitaka. Lakini nilijisikia nikisema, "Mimi sikuinunua. Kama ni ya kuuzwa, njoo uiuze mwenyewe."

Akacheka, kisha hakucheka tena. "Desemba," akasema.

Ameshasema Desemba kabla. Nilimwambia mtu wa ranchi asubiri au atafute nyingine. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari la Kajiado nikiwa na oili mpya na vitambaa safi, nikafungua kifuniko cha injini, na nikaanza na plagi ya kwanza.