Kufuli kwenye Choo cha Bwana Afya

Mzee Masudi wa Kondoa alikuwa bwana afya kwa miaka thelathini na minne. Amestaafu, anaishi Chang'ombe, na bado huitwa Bwana Afya. Naye huitika upesi kuliko mtu anayeitwa kula.

Vijijini upande wa Mvumi alisifika kwa kuumbua waongo. Kila kaya ililazimishwa kuchimba choo, watu wakachimba ili kumridhisha mkaguzi, kisha wakaendelea kwenda porini. Masudi hakuhangaika na shimo. Aliangalia utando wa buibui mlangoni na majani yaliyoota njiani. "Hiki ni choo cha serikali, si chenu," alisema, huku akitoa kalamu.

Lakini mganga hajigangi. Alipopata kiinua mgongo alijenga choo cha vigae vyeupe, kizuri mno hata akaona uchungu kukitumia. Akakitia kufuli, kiwe cha wageni. Yeye na mkewe Mwanasha wakabaki na cha zamani, kilichofurika kila mvua. Mwanasha alilalamika miaka mitatu, na Masudi akamjibu kwa hotuba za usafi wa mazingira. Hotuba hakukosa.

Mvua za mwaka huu zikaja na kipindupindu. Elieth, afisa afya wa kata, akapita nyumba kwa nyumba, majirani nyuma yake. Masudi akavaa shati la pasi. Alitaka kitu kimoja tu, asifiwe mbele ya watu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa umefika kwa mwenzio."

Kufuli likagoma kwa kutu. Mlango ulipofunguka, utando wa buibui ukamnasa Elieth usoni. Akajifuta, akafuata njia iliyokanyagwa mpaka nyuma ya nyumba. Masudi alijua anakokwenda, kwani ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angefanya. Aibu ikampanda hadi masikioni. Na katikati ya aibu hiyo, Mungu amsamehe, akaona fahari kidogo kwamba kazi inafanywa sawasawa.

"Mzee, kile cha nyuma kifukiwe ndani ya siku saba," Elieth alisema, akiandika notisi. "Jina nimeandika. Kazi?"

Majirani wakasogea.

"Andika mkulima," Masudi akanong'ona.

Mwanasha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mkulima! Jembe lenyewe tunaazima."

Kisha akampokonya mumewe ufunguo, akaingia kwenye vigae vyeupe, akafunga komeo kwa ndani, na hakutoka mpaka alipotaka mwenyewe.