Pole iliyokatazwa

Juzi nilikwenda mahakamani hapa Tabora kula kiapo, maana cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kimekosewa herufi moja. Kwenye benchi la nje nilikaa na mama mmoja kutoka Ziba. Binti yake alifariki akijifungua, naye ameishtaki hospitali. Mbele yetu walisimama wakili wa hospitali na muuguzi aliyemhudumia yule binti.

Muuguzi alipomwona mama, alipiga hatua kumwendea. Wakili akamshika mkono wa sare.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kumpa pole tu, wakili. Sijamwona tangu siku ile."

"Ukisema pole, umekiri kosa. Miaka yote hii nawatetea madaktari na wauguzi, na kesi nilizoshindwa ni za watu wa pole."

"Jamani, si tunampa hata aliyejikwaa?"

"Aliyejikwaa mpe. Huyu usimpe."

Muuguzi akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Mama alisikia yote.

Wakili alipogeuka, jalada likamponyoka, karatasi zikatapakaa hadi miguuni petu. Mama akainama, akaziokota moja moja, akampa kwa mikono miwili.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, mama," akajibu upesi, kwa mazoea.

Hakuna aliyemuuliza mama kama yeye ndiye aliyeliangusha.

Mimi nami nilikuwa na pole yake mdomoni tangu nilipoketi. Lakini wakili alikuwa anatutazama, nikaogopa. Jina langu lilipoitwa, niliinuka nikaondoka nayo.