Mara ya Tatu ya Isdori

Watu wananiuliza mpaka leo: Mama Epifania, wewe uliyekuwa mkali vile, ilikuwaje ukamwachia mwizi? Nami nawaambia, kaeni hapo mnywe chai niwaeleze, ila msinikatize. Nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika.

Mimi nilikuwa mzee wa baraza kwenye mahakama yetu ya mwanzo, huku Ufipa juu, mwendo wa baiskeli kutoka Kaengesa. Kazi ya mzee wa baraza ni kukaa na hakimu, kusikiliza kesi mpaka mwisho, kisha kutoa kura. Tulikuwa wawili, mimi na mzee Basil, hakimu akawa wa tatu. Kura zikigawanyika, wawili ndio wanaoshinda, hata kama huyo mmoja aliyebaki ni hakimu mwenyewe. Hakimu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, msafi, tai shingoni hata siku ya vumbi. Sheria hiyo aliijua vizuri, ila hakupenda mtu amkumbushe.

Sasa Isdori. Baba yake alikuwa mhunzi, na mtoto alikulia kwenye mivukuto. Mikono alikuwa nayo, tatizo lilikuwa uvivu wa ujana na tamaa. Zile zilikuwa enzi za ruksa, maduka ya mjini yamejaa redio, saa, mashati ya rangi rangi, na kijana hana kitu mfukoni. Akaiba kuku watatu wa katekista. Akaletwa kwetu.

Nikasema miezi sita, apate akili. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu, na nilijisikia vizuri. Jioni nikala ugali wangu nikalala fofofo.

Isdori akaenda, akakaa miezi yake, akarudi na akili kweli. Alichanganywa huko na wazoefu, wakamfundisha kufungua kufuli kwa spoku ya baiskeli. Jamani! Sisi tulimpeleka mwizi wa kuku, serikali ikamlisha maharage nusu mwaka, ikaturudishia fundi wa makufuli. Haukupita muda akafungua stoo ya Abdillah, mfanyabiashara wa Mazwi kule mjini, mwenye lori, akakamatwa huku kijijini na majora mawili ya kitenge kitandani kwake. Nikapandwa na hasira. Nikasema huyu hakusikia, aongezwe. Tukampa mwaka na nusu.

Akiwa humo, baba yake akafa. Mimi nilikuwepo msibani, niliimba na wenzangu wa kwaya, nikaona kibanda cha uhunzi kimefungwa na fuawe limebaki peke yake. Mwana pekee wa marehemu hakuwepo kumtupia baba yake udongo. Siku ile kitu kilinichoma, lakini sikukisema. Nilikuwa mtu wa mahakama, na mtu wa mahakama hajipingi mbele za watu.

Alipotoka mara ya pili, hakuna aliyempa hata mpini wa jembe amtengenezee. Akipita, kina mama wanaingiza masufuria ndani. Mke wake Redempta, binti wa kijiji cha Wampembe, mwenye ulimi wa watu wa ziwani, alimwambia waziwazi mbele ya majirani: ukirudi jela tena mimi narudi kwetu, na hili tumbo langu naondoka nalo. Wakati huo Isdori alishakaa nje ya jela miezi saba, mke ana mimba ya miezi mitano, na hakuwa anatania.

Mnadhani aliacha? Thubutu! Miezi miwili tangu onyo hilo haikuisha, plau ya mzee Bundala ikapotea.

Mzee Bundala alikuwa Msukuma, alihamia kwetu na ng'ombe zake na wanawe, mtu mrefu, mpole, mwenye maksai wanaolima mpaka raha. Plau yake yenyewe ilikuwa mbovu. Kile chuma cha chini kinachopasua ardhi kilikuwa kimepasuka, na mkono mmoja umelegea. Spea hazikuwepo, duka la ushirika lilikuwa limefungwa siku nyingi, na karakana yake pia. Basi iliegeshwa nyuma ya zizi, Isdori akaipitia, akaibeba.

Na hapa ndipo nacheka kila nikisimulia. Mwizi mwingine angekimbia nayo kwenda kuiuza chakavu. Isdori aliipeleka kwenye kibanda cha baba yake, akawasha moto, akashinda siku mbili anagonga. Sisi wote tulisikia nyundo. Mimi mwenyewe nilimwambia jirani yangu, afadhali, mtoto amekumbuka kazi ya baba yake! Kumbe anatengeneza mali ya wizi. Baadaye tulipomuuliza kwa nini, alituangalia kama sisi ndio wajinga. "Sasa mama, ningemuuziaje mtu plau mbovu?"

Siku ya tatu akaifunga kwenye baiskeli, akashika njia ya mjini. Penye daraja la miti akakutana uso kwa uso na mzee Bundala. Hebu fikirini. Angeweza kukanyaga pedali akapotea. Lakini huyu ni Mfipa aliyelelewa, na mbele yake kuna mtu mzima. Alishuka, akaegesha baiskeli na mzigo wake, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama tunavyofanya, akaamkia. Mzee Bundala akaitikia. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua zinazokawia, hawakuruka hata moja. Kisha mzee akauliza, "Umebeba nini, mwanangu?"

"Plau, baba."

"Ya nani?"

Isdori akaangalia chini. "Yako, baba."

Ndiyo hivyo akaletwa kwetu mara ya tatu.

Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Redempta alikaa benchi la mbele, tumbo sasa limekuwa kubwa, na kando yake furushi la nguo limefungwa tayari. Kila mtu alilielewa lile furushi. Isdori alikuwa akiliangalia kuliko alivyomwangalia hakimu.

Alikubali kosa hata kabla karani hajamaliza kusoma. Ikaletwa plau, kielelezo. Hakimu akamwita mzee Bundala aitambue. Mzee akaizunguka, akainama, akashika mkono wa plau, akaitikisa, akakuna kichwa.

"Ni yako?" hakimu akauliza.

"Ni yangu, mheshimiwa. Lakini niliibiwa mbovu. Hii ni nzima."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza. Mzee Bundala hakuwa anachekesha, alikuwa anasema alichokiona, na akaendelea kwa sauti yake ile ya upole: "Mvua ni wiki hii au ijayo. Mkimfunga huyu, hii ikivunjika tena nitampelekea nani?"

Hakimu akasema huyu ni mzoefu, jela mara mbili hazijamtosha, yeye anaona miaka miwili. Redempta akavuta furushi akaliweka mapajani. Kisha hakimu akatugeukia kutimiza utaratibu tu, kalamu ameshainyoosha aandike.

Mara mbili nilishamfunga mtu huyu nikiwa na uhakika wote, na mara mbili alirudi mbaya zaidi, na mimi nilikula ugali nikalala. Niliona aibu, sitawaficha. Nikasimama.

"Mheshimiwa, mimi nasema hapana. Mara ya kwanza tulimpeleka akajifunze adabu, akajifunza kufuli. Mara ya pili tulimpeleka, akamkosa baba yake kaburini. Adabu alikuwa nayo hata kabla hatujampeleka, si mmesikia ilivyokuwa pale darajani? Asichokuwa nacho ni kazi. Tumwachie kwa masharti, mwaka mzima, akae kwenye kibanda cha baba yake atengeneze plau za watu wote aliowahi kuwaibia na waliobaki. Akiiba hata sindano, mimi mwenyewe nitamsindikiza jela kwa miguu."

"Mama," hakimu akasema, "hii ni mahakama, si karakana."

"Najua mheshimiwa. Karakana zenu mlizifunga."

Loo, kelele za madirishani! Akagonga meza tena, akamgeukia mzee Basil, na mimi nikakata tamaa. Mzee Basil alikuwa mgumu kuliko mimi. Huyo angemfunga hata mbuzi aliyekula mahindi. Akaegemeza mikono kwenye fimbo. Halafu akaomba asogezewe kielelezo. Akapitisha kidole pale palipounganishwa, polepole, huku na huku.

"Isdori," akasema, "hapa ulipaunga na nini?"

Isdori akamweleza. Mzee Basil akauliza la moto, akajibiwa, akauliza la mkaa, akajibiwa. Hakimu akaweka kalamu chini. "Mzee, kura yako?"

"Mheshimiwa," mzee Basil akasema, akikohoa kidogo, "nyumbani ninazo mbili zimevunjika. Nakubaliana na mama."

Nilifurahi mpaka nikamshika mkono mbele za watu, mzee wa watu akaona haya. Hakimu aliandika huku amekunja uso, lakini aliandika, kwa sababu sheria ni sheria. Redempta alilifungua lile furushi palepale, akatoa khanga, akajifuta machozi na jasho, kisha akamwambia mumewe, "Twende nyumbani, na usithubutu kuangalia kuku wa mtu njiani." Mahakama nzima ikalia kwa kucheka.

Nisiwadanganye, wiki za kwanza nilikosa usingizi. Watu walinisema: subirini, Mama Epifania ataibiwa yeye. Kila jogoo akiwika nilihesabu kuku wangu. Na msinielewe vibaya, wapo ninaowafunga bila kupepesa macho. Mtu aliyemkata mwenzake panga, mtu aliyemharibu mtoto wa watu, huyo aende, na ufunguo utupwe ziwani. Lakini si kila mtu ni huyo.

Mvua zikaja. Kibanda cha uhunzi kilikuwa kikivuta moshi toka asubuhi, na foleni ya plau ikafika barabarani. Wasukuma walileta, Wafipa walileta, hata Abdillah wa Mazwi alileta chuma cha lori lake, akisimama mbali kidogo mwanzoni na mkono mfukoni penye funguo, kisha karibu, kisha akaleta kiti. Redempta akajifungua binti. Wakamwita Epifania, na mimi nikajifanya sikuona kitu cha ajabu, nikaenda kulia jikoni kwa furaha. Mwaka ukaisha, masharti yakaisha, Isdori akaendelea kugonga.

Baada ya miaka miwili mitatu hivi, ikaletwa kesi. Mshitakiwa Flavian, baba wa watoto wanne, mlevi kidogo. Ameiba nyundo kubwa ya mhunzi, ile mhunzi aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaificha, na mpaka siku hiyo ilikuwa haijapatikana. Mlalamikaji: Isdori.

Weee! Mngemwona. Alisimama amefura, mishipa imemtoka shingoni. "Mheshimiwa, huyu afungwe! Miaka miwili! Mitatu! Watu kama hawa dawa yao ni jela tu!"

Kisha nyuma kabisa nikasikia ile sauti ya upole ya mzee Bundala: "Ehe. Na mimi plau yangu nilikuwa naichezea?"

Mahakama ilivunjika kwa kicheko. Karani aliinamia meza, mzee Basil fimbo ikamponyoka, mimi nilishika mbavu. Isdori akawa anageuka huku, anageuka kule, na Redempta pale benchini, mtoto mapajani, anacheka kuliko wote. Uso wa Isdori ulikaza, ukalegea, ukakaza tena. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Nyundo ya baba si kitu cha mchezo.

Nikajiandaa kusimama nitoe hotuba yangu. Sikuwahi. Hakimu yule yule, mwenye tai, hakungoja kura zetu. Aliinua kichwa akamuuliza mlalamikaji, taratibu kabisa, "Isdori, kwenye kibanda chako, mivukuto anapuliza nani?"

Isdori akavuta pumzi ndefu. Akamwangalia Flavian kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Kesho alfajiri uje," akamwambia. "Na uje na nyundo yangu."