Uzi Juu ya Ramani

Kaka yangu alipopanda ndege ya majini, ile iliyotua ziwani, hapa Kisumu kwenda kusoma London, Mama alitukataza kufagia nyumba. Kwetu, ukifagia kabla msafiri hajafika, unafuta nyayo zake na huenda asirudi. Mimi nilikuwa karani, najiona msomi, na siku ileile vumbi lilinichosha. Nikapima ramani kwa uzi, nikagawanya umbali kwa mwendo wa ndege, nikamwambia, "Mama, kesho jioni atakuwa amefika." Kesho yake jioni akafagia.

Asubuhi iliyofuata ikaja simu ya maandishi kutoka Misri: kaka amelala huko, bado safari ni ndefu. Hakuna aliyeniambia kwamba ndege ile hutua kila jioni ili abiria walale. Kaka alifika salama, lakini Mama hakunisamehe.

"Umenifanya nifute nyayo za mtoto wangu akiwa njiani," aliniambia tena na tena kila nilipofungua mdomo.

Mwaka uliofuata nilikwenda Nairobi kwa treni. Sikuandika barua kusema nimefika; ilikuwa safari ya usiku mmoja tu. Niliporudi baada ya wiki mbili, chumba changu kilikuwa vumbi tupu. Nikashika ufagio kwa hasira, kisha nikaona, kando ya kitanda, alama za viatu vyangu za siku niliyoondoka.